Makhan Singh: Mgeni Aliyewatunzia Wenyeji Kumbukumbu

Utangulizi

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hutajwa pale mgeni anapobisha hodi na watoto wa nyumba hiyo wakapata kuonja nyama ambayo pengine wasingeionja siku hiyo. Hata hivyo, maana yake inaweza kupanuliwa. Wapo wageni ambao heri waliyoileta si ya mlo wa siku moja, bali ni ya kizazi baada ya kizazi, nao wenyeji wakaila bila kumkumbuka aliyeileta. Makhan Singh ni miongoni mwa wageni wa aina hiyo.

Jina lake si geni kwa wasomi wa historia ya Kenya. Anajulikana kuwa mwasisi wa vyama vya wafanyakazi na mmoja wa wazuiliwa waliokaa kizuizini kwa muda mrefu zaidi katika enzi ya ukoloni. Jambo ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha ni kwamba mtu huyu alikuwa pia mhifadhi. Katika zama ambapo hapakuwa na makavazi wala makumbusho yaliyojishughulisha na maisha ya mfanyakazi wa Nairobi, yeye alikusanya na kutunza karatasi za harakati ambazo wengine walizitupa au walizichoma kwa hofu ya polisi. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia sifa hizo mbili, kwani ni vigumu kuzitenganisha.

Kutoka Gharjakh hadi Nairobi

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Wazazi wake walikuwa wa dini ya Kalasinga. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Mnamo 1920 alisafiri hadi Kenya kufanya kazi katika reli, akiwaacha mkewe na mtoto nyumbani.

Safari hiyo haikuwa ya kwanza ya aina yake. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Wapatao 2,500 walipoteza maisha yao, na wengi wa waliosalia walirudi kwao baada ya mikataba yao kwisha. Elfu chache walibaki, na nyuma yao wakafuata mafundi, makarani na wachuuzi waliokuja kwa hiari yao. Nairobi yenyewe, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, ilikuwa mji wa wageni tangu siku yake ya kwanza.

Mji huo uligawanywa kwa misingi ya rangi. Wazungu walichukua vilima vya upande wa magharibi. Wahindi walielekezwa sehemu za Ngara, Pangani na Eastleigh. Waafrika, ambao walihesabiwa kuwa wapitaji tu katika mji huo, walisukumwa mashariki, ng'ambo ya reli na mto: kwanza Pumwani na nyumba za wafanyakazi wa reli za Muthurwa, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, na mitaa mingine ambayo kwa pamoja leo huitwa Eastlands. Kwa hivyo, mkulima aliyetoka Nyanza au Murang'a na seremala aliyetoka Punjab walikuwa na jambo moja la kushiriki hata kabla hawajajuana. Wote wawili walitakiwa kwa nguvu za mikono yao na hawakutakiwa kwa jambo jingine lolote.

Makhan Singh aliwasili Nairobi pamoja na mama yake mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 13. Alisoma katika shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, ambayo sasa ni Shule ya Upili ya Jamhuri, na mwaka 1931 akafaulu mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Uwezo wa kifedha haukumruhusu kuendelea na masomo ng'ambo. Wakati huo baba yake alikuwa ameanzisha kiwanda kidogo cha uchapishaji, na kijana akaingia humo kufanya kazi. Huko ndiko alikojifunza thamani ya karatasi. Katika kupanga herufi za risi, kukagua vielelezo na kuhesabu nakala, alijizoeza kuona kuwa neno lililochapwa hudumu kuliko lililosemwa, mradi tu kuwe na mtu wa kulitunza. Fauka ya hayo, alikuwa na moyo wa kisanaa, na ujanani alitunga mashairi kwa Kipunjabi.

Chama kisichobagua

Mnamo Machi 1935, mafundi wa Kihindi jijini Nairobi walimchagua Makhan Singh kuwa katibu wa chama chao. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mara tu alipoushika wadhifa huo alishawishi chama kibadilishe jina na katiba ili kiwapokee wafanyakazi wote bila kujali rangi, dini wala taifa. Hatua hii ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana leo. Mishahara ilipangwa kwa ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini, na waajiri walinufaika kwa kuwa kila ngazi iliona adui yake katika ngazi iliyo chini au juu yake. Kuondoa neno moja katika jina la chama kulikuwa sawa na kung'oa nguzo ya mfumo huo.

Matunda ya kwanza yalionekana mwaka 1937. Mafundi wa Nairobi waligoma kwa muda wa siku 62, na mwishoni waajiri wakakubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 15 na 22. Chama kikaenea hadi nchi jirani na kuitwa chama cha wafanyakazi cha Afrika Mashariki. Matangazo yake yalichapwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiswahili, kwani mfanyakazi haelewi wito asioweza kuusoma au kusomewa.

Ni katika kipindi hiki ambapo tabia yake ya uhifadhi ilijitokeza. Kila tangazo lililochapwa, nakala moja iliwekwa. Daftari za mihutasari ya mikutano, orodha za wanachama, barua zilizotumwa na zilizojibiwa, vipande vya magazeti: vyote viliwekwa kwa utaratibu na tarehe. Kwa katibu wa chama, kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Kwa Makhan Singh ilizidi ulazima huo. Alielewa kwamba serikali ilikuwa na majalada yake kuhusu wafanyakazi, na kwamba iwapo wafanyakazi wenyewe hawangekuwa na majalada yao, basi siku moja maisha yao yangesimuliwa kwa kutegemea ripoti za polisi peke yake.

Mtu asiye na pa kurudishwa

Mwishoni mwa mwaka 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Serikali ya kikoloni huko ilimkamata Mei 1940 kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti, naye akazuiliwa hadi Januari 1945. Alipoachiliwa alifanya kazi ya uandishi wa gazeti mjini Lahore. Agosti 1947 alirejea Nairobi.

Mwezi huohuo wa Agosti, India iligawanywa na taifa jipya la Pakistan likazaliwa. Mpaka ulipita katikati ya Punjab, na Gujranwala ikaangukia Pakistan. Kalasinga wa sehemu hiyo walihama kwa wingi kuelekea India, wakiacha mashamba, nyumba na mahekalu. Kwa hivyo, wakati serikali ya Kenya ilipojaribu kumfukuza nchini kwa hoja kwamba yeye ni mgeni asiyetakikana, iliamuru arudi mahali ambapo jamii yake haikuwapo tena. Makhan Singh aliipinga amri hiyo mahakamani na majaribio hayo hayakufaulu. Hoja iliyokuwa chini ya sheria zote hizo ilikuwa moja: je, mtu huwa mwenyeji wa nchi kwa kuzaliwa humo tu, au pia kwa kazi anayoifanya humo na watu anaoifanya pamoja nao?

Jibu lake alilitoa kwa vitendo. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliasisi Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Makhan Singh akiwa katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili. Mwezi Machi 1950, wakati Nairobi ilipotunukiwa hati ya kuwa jiji, shirikisho liliwataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo, likieleza kuwa hapakuwa na sababu ya kushangilia jiji ambalo waliolijenga walilala katika vyumba vya msongamano na kubeba vipande shingoni.

Kaloleni, Aprili 1950

Kilele cha maisha yake ya hadhara kilifikiwa Eastlands. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za Kiafrika, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishirikishwa katika ujenzi wake. Katikati ya mtaa paliwekwa ukumbi wa kijamii. Waliouweka walikusudia ngoma, michezo na mafunzo ya unyumba. Wakazi waliugeuza kuwa jukwaa la siasa, hata baadhi yao wakauita bunge lao, kwani bunge rasmi halikuwapa nafasi ya kupiga kura.

Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki viliitisha mkutano wa pamoja Kaloleni. Hapo Makhan Singh alisimama na kuwasilisha azimio lililotaka uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki, tena bila kuchelewa. Viongozi wengi wa wakati huo walikuwa bado wanadai viti zaidi katika baraza, ardhi na mageuzi ya hatua kwa hatua. Neno uhuru, likiwa dai la sasa na si la siku za usoni, lilitamkwa mbele ya umati wa Eastlands na mtu aliyekuwa na kilemba kichwani, na umati huo ukaliunga mkono.

Majuma matatu baadaye, tarehe 15 Mei 1950, Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo mkuu ulianza. Wafanyakazi wa Nairobi waliweka chini zana zao kwa zaidi ya juma moja, na mgomo ukaenea katika miji mingine, wakidai viongozi wao waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiongezwe. Serikali ilijibu kwa magari ya deraya na gesi ya kutoa machozi katika mitaa ya Waafrika. Mgomo ulizimwa, lakini jiji lilikuwa limeona kwamba mafundi na vibarua wanaweza kulisimamisha.

Miaka kumi na mmoja ya kizuizi

Makhan Singh alifikishwa mbele ya hakimu huko Nyeri. Alikiri waziwazi kuwa yeye ni mkomunisti na kwamba hakuitambua haki ya Waingereza ya kuitawala Kenya. Akapelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kisha baadaye Maralal na Dol Dol. Aliwatangulia kizuizini viongozi waliokamatwa baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Mkewe, Satwant Kaur, alibaki Nairobi akiwalea watoto wao.

Njia ya kutoka ilikuwapo. Serikali ilikuwa tayari kumwachilia iwapo angekubali kuondoka Kenya na kwenda India. Alikataa. Kukubali kungekuwa sawa na kutia sahihi kwamba yeye alikuwa mpitaji tu, na kwamba yote aliyoyafanya tangu mwaka 1935 yalikuwa uchochezi wa mtu wa kando. Aliendelea kuwaandikia wakuu wa serikali, akidai haki zake na kuhoji uhalali wa kuzuiliwa kwake. Aliachiliwa tarehe 22 Oktoba 1961, baada ya miaka kumi na mmoja na zaidi ya miezi mitano tangu akamatwe.

Kalamu baada ya uhuru

Uhuru aliouomba Kaloleni ulipatikana Desemba 1963. Makhan Singh hakupewa wadhifa serikalini. Siasa za Vita Baridi zilikuwa zimeingia katika vyama vya wafanyakazi, na mkomunisti asiye na kabila la kumpigia kura hakuwa na nafasi kubwa katika mipango ya wakati huo. Wengi wangevunjika moyo. Yeye alizirudia karatasi zake.

Kutokana na hazina hiyo aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi mwaka 1952, iliyochapishwa na East African Publishing House mwaka 1969. Kitabu hicho kina sifa inayokitofautisha na tawasifu nyingi za wapigania uhuru. Mwandishi hajitukuzi. Anawataja makarani, madereva wa teksi, mafundi wa nguo, wahudumu wa hoteli na vibarua wa bandari. Anataja tarehe za mikutano na madai yaliyotolewa. Anampa Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi wa Mombasa mwaka 1947 kisha akafukuziwa Kabarnet, nafasi anayostahili. Kitabu hicho kimejengwa kwa ushahidi kuliko kwa majivuno.

Makhan Singh alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Sehemu ya pili ya historia yake, inayohusu miaka ya 1952 hadi 1956, ilihaririwa na mwanahistoria Bethwell Ogot na kuchapishwa mwaka 1980. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndizo zilizomwezesha Zarina Patel kuandika wasifu wake uliotoka mwaka 2006.

Makumbusho yasiyo na paa

Tangu afariki, hali ya urithi wa wahamiaji nchini Kenya imebadilika. Mnamo mwaka 2000, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalifungua maonyesho makubwa kuhusu urithi wa Waasia-Waafrika, yaliyosimamiwa na Sultan Somjee, mtu aliyekuwa pia ameanzisha mpango wa makumbusho ya amani ya jamii katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 2017, miaka 44 baada ya kifo cha Makhan Singh, serikali iliitambua rasmi jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Swali aliloulizwa mahakamani lilipata jibu, ingawa yeye hakuwapo kulisikia.

Hata hivyo, kutambuliwa kwa jamii kunaweza kuleta hatari yake. Urithi ukigawanywa kwa jamii, wa Mhindi ukawekwa katika kabati lake na wa Mwafrika katika kabati lake, basi maisha ya Makhan Singh hayatakuwa na mahali pa kukaa. Yeye hakuacha vyombo vya jikoni wala mavazi ya harusi ili vitazamwe kwa kioo. Aliacha kumbukumbu za watu wa asili mbalimbali waliokutana kwa sababu ya kazi. Urithi wake ni wa Punjab, ni wa Ngara, na ni wa Kaloleni.

Na hapo ndipo penye tatizo lisilohitaji kufichwa. Karatasi ziko chuoni, katikati ya jiji, ambako msomaji wake wa kawaida ni mtafiti. Ukumbi uko Kaloleni. Umbali kati ya viwili hivyo ni kilomita chache tu, lakini mtoto anayecheza mpira nje ya ukumbi ule anaweza kukua na kuhama bila kujua kilichotamkwa pale mwaka 1950. Aidha, mitaa ya zamani ya kanjo imo katika mipango ya ujenzi mpya. Mtaa wa zamani wa Pangani ulikwisha kubomolewa na majumba marefu yakasimama mahali pake. Nyumba bora ni haki ya wakazi, na Makhan Singh angekuwa wa kwanza kuidai. Lakini jengo likibomolewa kabla ya habari zake kuwafikia wakazi, hasara huwa mara mbili.

Dalili za matumaini zipo. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk liliingia katika ushirikiano na Kaunti ya Nairobi ili kukarabati maktaba tatu za umma, nazo ni McMillan, Makadara na Kaloleni. Maktaba ya Kaloleni imefufuliwa na watoto wa mtaa huingia humo kusoma. Makumbusho ya jamii hayahitaji kuanza na jumba jipya. Yanaweza kuanza na nakala za matangazo ya mwaka 1937 na 1949 zikiwekwa mahali ambapo fundi wa Gikomba, muuzaji wa Muthurwa na mwanafunzi wa Makongeni wanaweza kuzishika na kuzisoma. Yanaweza kuanza na wazee wa mtaa kuhojiwa wangali hai.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao mahususi katika kazi hiyo. Historia aliyoiandika Makhan Singh imo katika Kiingereza, ilhali matangazo aliyoyachapa yaliwafikia wafanyakazi wa Kiafrika kwa Kiswahili. Kuirejesha historia hiyo katika lugha ya mitaa iliyoizaa ni kulipa deni, si hisani. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona: alipata chama, alipata neno la kudai uhuru, na alipata kumbukumbu iliyotunzwa kwa niaba yake wakati yeye hakuwa na sanduku la kuitia. Mgeni sasa ameshalala. Aliyebaki na ufunguo wa sanduku ni mwenyeji.